Chini ya Meza ya Afande

Nianze na aibu yenyewe ili iishe: afande alinikuta chini ya meza yake, nimekumbatia waya ya internet, nasali Baba Yetu na maneno imenipotea katikati.

Mimi niliacha shule Senior Two, kidato cha pili, lakini hapa Bwera, Uganda, mpakani na Kongo, ukijua kuzima kompyuta na kuiwasha tena, unaitwa injinia. Ndiyo maana askari walinifuata dukani na pikipiki, wakanipeleka kambini. Afande, mkubwa wa ile ofisi, alikuwa anadaunlodi masomo ya kozi yake tangu asubuhi, na haijafika hata nusu.

"Fundi, tengeneza. Ukiharibu mtandao ya kambi, unalala ndani."

Akatoka. Nikaanza kufuata waya.

Waya ya internet ilipitia kwanza kwa kasha nyeusi, fayawoli, ile inapekua kila kitu kabla ya kuiruhusu. Nilitaka kujua kama ni yenyewe inachelewesha. Nikatoa waya kwa fayawoli, nikachomeka moja kwa moja kwa kompyuta ya afande. Masomo ikaanza kukimbia! Nikacheka peke yangu. Halafu nikakumbuka kambi yote inapata internet kwa ile kasha. Nimewakatia wote.

Hapo hapo tarumbeta ikalia. Nikachungulia dirishani: kila mtu amesimama wima, hata mama mwenye beseni ya nguo. Hakuna anayetikisika. Nikajua wanatafuta adui, na adui ni mimi. Nikaingia chini ya meza.

Viatu ikaja.

"Fundi, unatafuta nini huko?"

"Afande, usinifunge! Narudisha!"

"Toka! Ile tarumbeta ni ya bendera inashuka. Kila jioni inashuka."

Akaangalia kompyuta. Masomo yote imefika. "Vizuri. Iache hivyo."

Kumkatalia afande! "Afande... hivyo ni geti bila askari. Virusi itaingia bila kuulizwa."

"Rudisha askari lindoni. Sasa hivi!"

Nikarudisha waya kwa fayawoli. Nikamwambia afande amwite mwenye paswadi ya fayawoli aongezee ofisi yake spidi, mimi hiyo paswadi sina. Akainua mkono kunipigia saluti; nikainama, nikidhani ni kofi.

Nilipomsimulia rafiki yangu, Mkongomani anayeuza vitenge sokoni Mpondwe, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akauliza:

"Hao baaskari banajua nyumba yako?"

"Walinirudisha mpaka mlangoni."

"Basi, ndugu yangu, kuanzia leo internet ikikufa mu kambi, ni weye banatafuta wa kwanza."