Kilimi Changu

Ule ulikuwa mwaka wa kula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, maana vita vilifunga barabara ya Luvungi na chumvi haikupanda tena kwetu Rurambo. Nimeukumbuka leo hospitalini, mjukuu wangu alipolazwa ndani ya mashine ya sumaku inayopiga picha ya kinywa mtu akiwa anasema. Kaakaa lake ni fupi, maneno yanampitia puani.

Na mimi nilizaliwa hivyo. Watoto wenzangu walinifukuza: “Weye, pua yako iko inaongea, mudomo iko inalala!” Nilikula peke yangu nyuma ya zizi, maziwa yakinitoka puani na kuniwasha.

Siku moja mwaka ule mama alimwita mzee mkata vilimi. Kwetu mtoto akishindwa kusema, walikata kile kinyama kinachoning'inia kooni.

“Fungua, mwanangu,” mama akaniambia. “Utasema kama wengine.”

Kisu cha mzee kilipindika kama kucha ya mwewe. Mtoto wa jirani, aliyekatwa asubuhi, alikuwa bado anatema damu nyeusi kwenye majani.

“Minye sifungui kinywa.”

Maneno yote yalinitokea puani, “miye” ikawa “minye”. Wanawake waliokuja kutazama wakacheka, hata mama.

“Iko inasema nini?” mzee akauliza, akisukuma kidole kati ya midomo yangu. Kilikuwa kichungu kwa tumbaku. Nikakiuma mpaka mfupa. Akapiga kelele, kisu kikaanguka, kicheko kikakatika. Wote walirudi nyuma, nikabaki katikati peke yangu.

“Minye sifungui kinywa.”