Kizimba cha Mbwa Uani Kwangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msianze kwa kucheka. Najua mtauliza, bibi mwenye tasbihi mkononi na mbwa, wapi na wapi? Someni kwanza. Mimi shule yangu ilikuwa ndogo, chuoni kwa Kurani nilikaa zaidi, na ninaandika kama ninavyosema. Asiyetaka habari za mbwa aende zake. Mimi nataka kushukuru, na shukrani yangu haisemeki bila kumtaja mnyama huyu.

Nyumba yangu iko Mtopanga, ukuta kwa ukuta na jirani. Ninakaa na binti yangu, na mjukuu wangu, mtoto wa marehemu mwanangu. Mjukuu huyu alitupotea. Sisemi alikwenda mbali. Alikuwa hapa hapa, maskanini na wenzake, lakini alikuwa kwenye unga, ule wa kulevya. Feni yangu iliondoka, redio ikaondoka, hata sufuria ya pilau ikaondoka. Kisha Mwenyezi Mungu akamwonea huruma. Akaanza kwenda kliniki kunywa dawa yake kila asubuhi, mashavu yakarudi, akakaa kitako akala na sisi. Akapata kazi ya kulinda nyumba ya mtu, na mtu yule alipohama, akamwachia mbwa wake.

Mbwa mzima, si wa kulea. Jibwa la kahawia, kifua kama gunia la mchele, na miguu isiyojua kutulia. Mjukuu wangu alipokuwa nyumbani hapakuwa na tabu. Tabu ilikuja alipopata kazi Changamwe, kwa mafundi wa kuchomelea mageti, ikawa anatoka asubuhi na kurudi jioni. Huku nyuma mbwa alikuwa sultani. Aliangusha nguo kwenye kamba, akafukua mchicha wangu wote, akaruka ukuta akawafukuza watoto wa madrasa mpaka mmoja akaacha kiatu njiani. Tukamfunga kamba, akaitafuna. Tukamfunga mnyororo, akajizungusha kwenye mpapai mpaka nusura ajinyonge.

Ndipo mjukuu wangu alipoleta kizimba. Alikiunda mwenyewe kwa vipande vya vyuma walivyompa kazini. Akakiweka uani, akasimama pembeni kama fundi anayengoja sifa.

"Bibi, akishinda humu hatasumbua mtu."

Nikakitazama. "Mbwa wako ana mkia au hana?"

"Anao, bibi."

"Atageukia wapi nao? Hata kuku wangu kwenye tundu lake anageuka. Kirudishe."

Akacheka, akakirudisha, akaleta kingine ambacho mbwa anasimama, anageuka, ananyoosha miguu. Tukakiweka upande wa jikoni ambako kivuli hakiondoki. Mjukuu wangu hakumsukumiza mbwa ndani. Siku za mwanzo aliuacha mlango wazi, akamtilia chakula ndani, mbwa akaingia kwa tamaa yake mwenyewe. Halafu akawa anaufunga kidogo, amekaa kando yake, anafungua. Na alfajiri kabla ya kazi alimkimbiza vichochoroni mpaka ulimi ukaning'inia. Nikaona kumbe kijana huyu ana subira, na mimi sikuwahi kuiona.

Lakini mchana ni mrefu. Ikikaribia adhuhuri mbwa yule alibweka, si kubweka tu, alilia kama aliyefiwa. Siku moja nikajifanya mjuzi. Kuku anayeatamia nikitaka atulie, humfunika kwa leso, akiona giza anatulia. Nikachukua leso yangu nikakifunika kizimba chote. Kimya! Nikakaa nikijisifu kwamba nimepata dawa.

Kimya kile kilikuwa cha mwenye shughuli. Nilipokwenda kutazama, leso ilikuwa ikivutwa ndani katikati ya vyuma, nusu yake imekwisha kuwa nyuzi. Nikafungua mlango niiokoe iliyobaki. Wallahi, alitoka kama soda iliyotikiswa! Akapita juu ya mswala wangu na miguu ya matope, akaingia jikoni, na binti yangu ndiyo kwanza amefunua wali wa nazi. Pua yote ndani.

Binti yangu akapiga ukelele. Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Mwenzangu, umefungua bustani ya wanyama?"

"Njoo utazame," nikamjibu, "leo hakuna kiingilio."

Maneno nilikuwa nayo, lakini moyoni nilikasirika. Wali ule tukampa mbwa mwenyewe. Sufuria ikaoshwa mara saba, na katika hizo moja kwa mchanga, kama tulivyofundishwa. Binti yangu alikuwa anasugua na kusema, anasugua na kusema. "Mama, mimi nimechoka. Nyumba hii watu wasali wapi? Akirudi jioni, mwambie ampeleke Mwakirunge kwenye jaa, mbwa wenziwe wako huko. Ama yeye, ama mimi."

Nikasema sawa. Nilimaanisha.

Jioni mjukuu wangu akaja. "Shikamoo, bibi." Nikamwitikia marahaba, nikamweleza yote, na uamuzi wetu. Hakubisha. Alichukua kamba, akamvisha mbwa shingoni, akakaa kizingitini na kamba mkononi, kichwa chini.

"Nitampeleka, bibi. Lakini niambie. Kesho nikitoka kazini, jioni niende wapi?"

"Utakaa hapa na sisi."

"Nyinyi mwasali, mwala, mwalala. Mimi usingizi hauji upesi. Huyu ndiye anayenizungusha mpaka nikachoka. Nikipita maskani naye, wanamwogopa, hawanisogelei. Nikipita peke yangu, bibi, wananiita."

Jikoni kelele za sufuria zikakoma. Binti yangu akatoka mikono ina povu, akamtazama mpwa wake muda, kisha akamtazama mbwa. "Na atakula wali wetu tena huyu?"

"Hatakula, shangazi."

"Hmm," akasema. Akarudi ndani. Kwa anayemjua binti yangu, ile ilikuwa ruhusa.

Basi ndiyo shukrani yangu hiyo. Sikujua kwamba Mola angeninusurishia mtoto kwa mkono wa mnyama ambaye hata simgusi. Siku hizi kabla ya adhuhuri navaa dera langu kuukuu, namfungulia mbwa, anazunguka ua kama mwenda wazimu, ananywa maji, namrushia kijiti kwa upawa mrefu nisiguse mate yake, akiniletea namkataza asinikaribie. Akichoka anaingia kizimbani mwenyewe, analala. Mimi nafunga mlango, naoga, nabadili nguo, natia udhu, nasimama kusali. Mbwa kwanza, udhu baadaye. Ukigeuza utaratibu huo utaosha siku nzima. Na nikiinua mikono yangu kuomba, namtaja mjukuu wangu, ambaye mashavu yake yako pale pale na kliniki anaendelea kwenda, namtaja binti yangu kwa ile "hmm" yake, na wale mafundi wa Changamwe waliotoa vyuma. Mbwa simtaji kwa sauti, lakini Mungu anajua niliyemwacha uani.

Hayo ni ya leo. Jioni ile bado mjukuu wangu alikuwa amekaa kizingitini, anangoja niseme, kamba mkononi. Nikasimama mlangoni, nikasema wasikie wote wawili:

"Mbwa haendi Mwakirunge. Mchana nitamfungua mimi, na mlango wa jikoni ufungwe kwanza. Wewe binti, bandika wali mwingine. Na wewe, inuka, mtoe huyo mbwa mkazunguke, na msirudi mpaka mmechoka nyote wawili."