Namba za Darini

Mimi ni Damaris Wangari, mama ya Nyambura, wa mtaa wa Landless hapa Thika. Shule niliacha darasa la tatu, lakini kufunga mafungu ya mboga ya sukuma wiki hakuna aliyenishinda sokoni. Haya nayasema ili mgonjwa aliyelala asikie.

Dawa ya presha nilikuwa nimeacha. Siumwi, nikasema, ya nini? Asubuhi moja nikifunga sukuma, kamba ikaniponyoka. Nikaiokota, ikaniponyoka tena. Jirani yangu Mumbi akacheka, "Wangari, umelewa mapema hivi?" Nikitaka kumjibu, mate yakanitoka upande mmoja wa mdomo. Akaacha kucheka, akaita watu wanipeleke hospitali.

Kilikuwa kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na mguu. Nilijikojolea kama mtoto. Daktari Otieno akaniambia kama bibi yake, "Shosho, dawa ni saa mbili asubuhi na saa mbili jioni. Usiruke hata siku moja."

Nyambura akanichukua kwake Mwihoko. Ni chumba kimoja, pazia katikati, huku kitanda, kule jiko. Hata mchana ni giza. Kugeuka sikuweza, kwa hivyo mume wake Kamau akaniletea saa inayomulika namba nyekundu kwenye dari. Ikiandika nane na sufuri mbili, najua ni saa mbili, naita, "Nyambura, dawa!" Ni hiyo kazi tu nilikuwa nimebaki nayo.

Miezi ikapita, namba zikaanza kufifia. Nane ikafanana na sita, kisha ikawa wingu jekundu tu. Nikajua, mkono ulienda, sasa ni macho. Nikanyamaza wiki nzima, nikawa nakisia saa.

"Mami, mbona leo hukuita?" Nyambura akaniuliza. Nikalia, nikamwambia.

Wakanipeleka kwa Otieno, tukamweleza habari ya saa. Akanyoosha vidole, nikahesabu. Akanionyesha herufi ukutani, nikasoma mpaka zile ndogo za chini. Akasema, "Shosho, macho yako yanashinda yangu. Hiyo saa hupanguzwa na nani?"

Tuliporudi nyumbani, Kamau akaishusha saa akaikagua.

Kumbe kile kioo kidogo kinachomulika namba kilikuwa kimeshika mafuta ya kukaanga vitunguu! Nyambura akachukua kitambaa. Nikamwambia, "Lete hapa."

"Kwa mkono gani, Mami?"

"Huu wa kulia."

Kitambaa kilianguka mara nne. Mara ya tano kidole gumba kikakishika. Nikapanguza polepole. Kamau akaiwasha saa, na namba zikasimama kwenye dari, kila moja na kona zake.

Tangu hapo kuipanguza kila Jumamosi ilikuwa kazi yangu. Stima ikipotea saa ilisahau wakati, nami niliirekebisha kwa kubonyeza vitufe, kwa kidole hicho hicho.

Polepole mguu nao ukaamka, na leo nimerudi Landless, sokoni. Mafungu yangu yamelegea kidogo, lakini yananunuliwa. Namshukuru Mungu, na Mumbi, na Otieno, na Kamau, na Nyambura aliyenibadilisha nguo bila kukunja uso. Wewe uliyelala, dawa usiache ati kwa sababu huumwi. Na ukiogopa kitu, kiseme siku hiyo hiyo. Mimi wiki nzima niliomboleza macho, na kilichohitajika kilikuwa kitambaa.