Kiuno Changu Mwenyewe

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku Nalongo aliponivulisha sweta mbele za watu. Nalongo, yaani mama wa mapacha, ndiye aliyetufundisha ngoma pale mtaa wa Nateete, na alikuwa mkali kama pilipili. Mimi nilikuwa binti wa askari polisi, mwembamba, na kiuno changu nilikichukia, jamani! Wachezaji hufunga kitambaa kiunoni chini ya ngozi ya mbuzi ili kiuno kijae. Mimi nilifunga sweta juu ya sweta. Nguo zilikuwa adimu miaka ile ya utawala wa jeshi, lakini hata sweta ya mama niliibeba.

"Vua," Nalongo akasema. "Sweta inatikisika, wewe umesimama tu. Ngoma inakuita wewe au inaita sweta?"

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikazivua huku nalia kwa aibu, nikacheza hivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza nikasikia ngoma ikinipiga mifupani. Kumbe siku zote nguo ilikuwa ikichelewa nyuma ya ngoma, nami naifuata nguo!

Wakati huo walikuwa wanatafuta wachezaji wa kutumbuiza wageni wa serikali. Ukichaguliwa unapewa sukari na sabuni, vitu ambavyo kwetu tulikuwa tumevisahau. Nilivitaka, sikufichi. Siku ya kuchaguliwa afisa mmoja wa jeshi akanitazama, akasema, "Wewe mtoto, kiuno iko wapi? Enda funga nguo."

Mwanajeshi habishiwi, wakati ule hasa.

"Afande, kiuno changu ndicho hiki," nikasema. "Nitacheza nacho."

Mpiga ngoma, Mungu amrehemu, akaanza upesi kabla afisa hajajibu. Nilicheza mpaka jasho likaniingia machoni, na hakuna kiungo changu nilichokionea haya.

Hawakunichagua. Nikarudi Nateete kwa miguu, mikono mitupu.

"Uliisikia ngoma?" Nalongo akaniuliza. Nikamwambia ndiyo.

"Basi kesho njoo mapema," akasema, akaendelea kumenya ndizi za matoke.

Sasa wewe, mwanangu, nakuona unavyojigeuza mbele ya kioo na kujisonya. Acha! Usingoje mwili wako uwe wa mtu mwingine ndipo uupende. Ulishe, upumzishe, utumikishe. Na mtu akikwambia mwili huo haufai, cheza nao hapo hapo mbele yake, hata kama hatakuchagua. Mungu akulinde, akutie nguvu za magoti, ucheze mpaka uwe bibi kizee kama mimi.