Gari Lililofugwa Ndani

Kiwanda cha mume wangu kilipouzwa kwa watu binafsi, wazee wote walipewa kiinua mgongo na kuambiwa kwaheri. Wenzake wengine walijenga fremu za maduka, wengine wakanunua magari ya mitumba, maana siku zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, yalikuwa yakimiminika kama mvua. Yeye alisema mtumba hataki hata kuusikia. Alinunua pikapu mpya, nyeupe, ya petroli, viti bado vimevikwa nailoni, na akatoa amri kwamba nailoni ile asiiguse mtu. Tulipangisha nyumba yetu ya Shirimatunda, mjini Moshi, tukapanda Masama mlimani kuishi kwenye kihamba cha baba yake, shamba la urithi. Njia nzima mapaja yangu yalinata kwenye ile nailoni, na mimi kimya, nisije nikaambiwa sijui kukaa kwenye gari jipya.

Kihamba kilikuwa kimegawanywa mara mbili. Upande wa juu wetu, upande wa chini wa mdogo wake, shemeji yangu, ambaye alibaki nyumbani miaka yote tuliyokuwa mjini akamuuguza mama yao mpaka akamzika. Mama huyo alizaa wawili tu. Kati ya boma letu na lake palikuwa na ua wa masale, na kwenye ua ule palikuwa na mwanya wa kupita mtu, umekanyagwa miaka na miaka mpaka ardhi yake ikawa ngumu kama sakafu. Asubuhi shemeji alipita hapo kuniletea majani ya ng'ombe, jioni nilipita hapo kumpelekea maziwa. Nausimulia mwanya ule kwa sababu gari lile ndilo lililouziba.

Kwetu mlimani ng'ombe hachungwi. Atachungwa wapi, na ardhi yenyewe ni migomba na mibuni mpaka mlangoni? Anazaliwa zizini, analetewa majani, analetewa maji, anakamuliwa, anazeekea humohumo. Ukimwona barabarani, ujue anapelekwa kuuzwa. Basi kitu cha thamani tunakijua hivyo: unakiweka ndani unakihudumia. Mume wangu alikaa mjini ujana wake wote, lakini hilo halikumtoka. Gari lilijengewa banda la mabati siku chache tu baada ya kufika, na paa la jiko langu lilikuwa linavuja na likaendelea kuvuja.

Kila asubuhi, kwenye ile baridi ya Julai ambayo ukungu unakaa mpaka saa nne, alikwenda bandani, akavuta choki, kile kitufe cha kuwashia injini yenye baridi, akawasha. Gari likanguruma palepale. Yeye akasimama kando na kikombe cha chai, analisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za redio, na moshi wote ukaja kwangu jikoni.

"Acha lipate joto," alisema nikilalamika.

Likishapata hilo joto lake alilizima, akafuta vumbi ambalo halikuwepo, akalifunika turubai. Jumapili tulikwenda nalo kanisani, na kanisa lenyewe ukipiga chafya bandani padri anakuitikia. Majirani walitembea kwa miguu, sisi tukawapita kwenye gari kwa mwendo wa konokono, na mimi nikajifanya natafuta rozari kwenye mkoba. Mjini Moshi hakutaka kwenda. Barabara ina mashimo, alisema, gari litazeeka bure.

Siku moja jioni shemeji alipita kwenye mwanya, akavua kofia. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya na yeye, kama wengi, alikuwa anaishi kwa kuuza ndizi. Tabu yake ilikuwa usafiri. Alikaa barabarani na mikungu yake akingoja lori lolote linaloshuka mjini, na mara nyingine ndizi ziliiva hapohapo zikamwozea.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Kaka, nilikuwa naomba, siku za soko unisaidie kushusha mikungu Moshi. Mafuta nitatia mimi."

Mume wangu alicheka. "Gari jipya hilo bwana! Utomvu wa ndizi unautoa na nini? Na wewe mwenyewe ungekaa wapi? Viti ni vipya."

Shemeji alinitazama, nami nikatazama ndani ya kikombe changu. Akasema haya kaka, hamna neno, akanishukuru kwa chai akaondoka.

Mume wangu alikuwa na kawaida ya kupima oili kwa kile kijiti cha kwenye injini. Jumamosi moja aliniita bandani, uso unang'aa. "Njoo uone! Magari ya wenzangu yanakula oili, langu linaongeza." Kweli, oili ilikuwa imepanda juu ya alama. Nikamwambia labda lina mimba. Hakucheka.

Jumamosi iliyofuata oili ilikuwa imepanda zaidi, na safari hii alikinusa kile kijiti. Akakinusa tena. Akanipa mimi. Ilikuwa petroli tupu, harufu ya kukata pua, na ile oili ilikuwa nyepesi kama mchuzi wa msibani. Alidondosha kidogo kwenye kipande cha gazeti akawasha kiberiti, moto ukaruka nusura umuunguze nyusi. Kesho yake, kwenye kilima cha kanisani, injini ilianza kugonga, ko-ko-ko, na mume wangu akainamia usukani kuisikiliza. Nilimwonea huruma, nisiseme uongo. Ile pikapu ilikuwa jasho la maisha yake yote.

"Kuna mtu amenitilia petroli kwenye injini," alisema tulipofika nyumbani.

"Nani huyo?"

Alitazama upande wa masale. Shemeji alikuwa na pampu ya kupulizia dawa ya kahawa, ile ya injini, na dumu lake la petroli lilikaa ghalani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

"Baba watoto, acha dhambi! Mtu wa kukuharibia injini si angetia mchanga? Shemeji petroli ya pampu yake tu inamshinda, aje akumwagie wewe?"

"Wivu hauangalii gharama," akasema, akaingia ndani.

Ningejua atakachofanya ningemfungia. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wanaume walikaa nje kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, kama kawaida, kata inazunguka, wazee mbele, vijana nyuma. Mume wangu alisimama. Akasema kuna mtu hapa amelala tumbo moja na mimi, ameniulia gari kwa petroli, kwa sababu nilikataa kumbebea ndizi. Kijiji kizima kinasikia, akina mama wote tumesimama pale na vitenge vyetu vya kanisani. Shemeji ndiye aliyekuwa ameshika kata wakati huo. Kwetu huachi mbege uliyopewa mkononi na mwenzako. Yeye aliiweka chini ikiwa imejaa.

"Mimi, kaka?" Alivaa kofia yake akaenda zake.

Kesho yake majani ya ng'ombe hayakuja. Jioni nikachukua maziwa kama kawaida, nikafika kwenye ua, nikakuta mwanya hamna. Shemeji alikuwa amekata vijiti vya masale akavichomeka vimebanana kuanzia mwanzo wa mwanya hadi mwisho. Jamani, masale! Jani tunalopelekeana tukiomba msamaha, ndilo lililoziba njia. Nilikaa chini na ile chupa ya maziwa nikalia, na sioni haya kusema.

Mimi ndiye niliyemlazimisha kwenda Moshi kwa fundi. Nilimwambia gari likifa atamlaumu nani tena, labda padri? Tulishuka polepole, injini inagonga, mpaka gereji ya Singasinga mmoja mzee, mzaliwa wa mjini palepale, mwenye sauti ya kumwamsha maiti. Alifungua pampu ya mafuta kwanza. Alisema utando wa ndani ukipasuka petroli huteremkia kwenye oili. Ulikuwa mzima. Akaangalia kabureta, nayo nzima. Ndipo akachungulia dashibodi kuona gari limetembea kiasi gani, akatutazama kama watu waliotoka mwezini.

"Mzee, gari hii inakwenda wapi?"

Mume wangu akaeleza kwa fahari: choki asubuhi, joto kidogo, kitambaa, turubai, Jumapili kanisani. Yule mzee aliweka spana chini akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa nani ametia petroli? Wewe! Kila siku unatia! Injini baridi, umevuta choki, petroli inaingia nyingi, yote haiungui. Inashuka pembeni ya silinda inakwenda kwa oili. Gari ingetembea mbali ingepata moto, petroli ingegeuka mvuke, ingetoka. Lakini wewe unaiwasha, unaizima, unaifunika. Hii gari, mzee, siyo ng'ombe."

"Dawa yake?" mume wangu aliuliza.

"Namwaga oili hii, natia mpya. Choki kidogo tu, ikishika rudisha. Na ipe kazi! Kila wiki ishuke Moshi ipande, na mzigo mgongoni. Kwenu ndizi si zimejaa? Bebea ndizi."

Nilicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kichungu kama shubiri. Mume wangu alitoka nje akasimama barabarani, mgongo kwetu, mpaka oili ilipokwisha kubadilishwa. Wakati wa kurudi nilimwambia yote. Nikamwambia kilichokuwa kinakula kilikuwa mkononi mwako, kinavuta choki. Injini ilikuwa kimya kabisa, haigongi, ikabidi anisikie neno kwa neno.

Alikata sale. Hilo namsifu, maana kaka mkubwa kumpelekea mdogo wake sale si jambo jepesi. Alisubiri giza lianze kuingia, tukazunguka kwa njia ya chini, yeye na jani lake, mimi na mtungi wa mbege kichwani. Walisimama migombani, karibu na kaburi la mama yao. Mtu akiletewa sale hakatai, hata kama ameuliwa mtoto. Shemeji alilipokea kwa mikono miwili.

"Nimepokea, kaka."

Tukarudi nyumbani, mume wangu akashusha pumzi. "Yameisha," alisema. Lakini asubuhi mwanya ulikuwa umezibwa vilevile, na vile vijiti vilishaanza kuchipua.

"Hayajaisha," nilimwambia. "Ulimtukana mbele ya kijiji, ukamwomba radhi mbele ya migomba."

Alifoka. Akasema wanawake hatujui mambo ya sale, likishapokelewa limepokelewa. Basi nikaona nimwache na akili yake.

Na akili yenyewe ilikuwa hii: fundi kasema mzigo, sivyo? Siku za soko alipakia mawe. Mawe ya mtoni, wallahi, alipanga nyuma ya pikapu, akatandika magunia chini rangi isikwaruzwe, tukawa tunashuka nayo Moshi na kupanda nayo Masama. Njia panda tulimpita shemeji amekaa na mikungu yake akingoja lori. Mume wangu alipiga honi, shemeji akainua mkono, tukapita na mawe yetu. Moyo uliniuma siku zile kuliko hata siku ya mbege.

Halafu vuli ikaanza. Siku moja ya soko mvua ilikuwa inanyesha na lori halikuwa limeonekana. Pale njia panda akina mama wa sokoni walikuwa wamejibanza na vikapu vyao, na shemeji katikati yao, mikungu miguuni, baadhi ya ndizi zimeshaanza kugeuka manjano.

"Simama," nilimwambia mume wangu. Nadhani sauti yangu haikuwa ya kawaida, maana alisimama.

Alishusha kioo. "Panda, mdogo wangu."

"Asante, kaka. Nasubiri gari."

Akina mama wote waligeuka kututazama. Mume wangu alibaki ameshika usukani, anatazama mbele. Nikamwambia polepole, "Shuka. Useme hapa."

Alizima gari. Alishuka kwenye matope na viatu vyake vya kanisani, akasimama mbele ya wale akina mama, maji yanamchuruzika kwenye kipara. "Hakuna mtu aliyenitilia petroli," alisema. "Ni mimi mwenyewe, na ujinga wangu. Huyu nilimsingizia." Halafu akafungua nyuma, akaanza kushusha mawe, moja moja, anayapanga kando ya barabara. Jiwe moja lilipomshinda, shemeji akaenda kumshikia upande wa pili.

Wakapakia mikungu. Utomvu ulichirizika kwenye ile rangi nyeupe na hakuna aliyeufuta. Mimi nilisogea, nikapiga kiti kwa kiganja. "Karibu shemeji, nafasi ipo."

Shemeji alitazama ile nailoni, akatazama suruali yake yenye tope. Akazunguka nyuma, akapanda, akakaa juu ya mikungu.

"Njoo mbele bwana, mvua hiyo!" mume wangu alisema.

"Viti ni vipya, kaka."

Hakusema kwa hasira. Tukaondoka. Hatukufika mbali mume wangu alisimamisha gari, akaanza kuichana ile nailoni, upande wake, upande wangu, anaivuta kwa kucha huku mimi nimenyanyuka nusu, mpaka viti vikabaki vitupu. Akaitupa yote nje, akafungua mlango wangu, akangoja.

Shemeji alishuka. Aliikunjua ile nailoni, akaikung'uta tope, akarudi nyuma akajifunika nayo kichwa na mabega. Akakaa kulekule na ndizi zake, mvua inampiga, mpaka Moshi.