Siku Aliyokuja Bila Fimbo

Mimi si mcheza kamari, na anayebisha aje mtaani kwetu Viwanja Sitini aulize. Mimi ni mwanamke wa mashine ya kukoboa mpunga. Ila umeme wetu unajulikana. Ukikatika asubuhi unaweza kurudi alasiri, na wateja wamekaa juu ya magunia yao wananitazama utadhani nimeuficha mimi chini ya kanga. Karata ziliingia pale kwa sababu hiyo tu, watu walichoka kunitazama.

Mchezo wenyewe tulifundishwa na dereva mmoja wa watengeneza barabara, aliyekuwa amepanga chumba Lipangalala. Aliuita poka. Kila mtu anapewa karata mbili za kuficha, halafu tano zinafunuliwa katikati kidogo kidogo, hizo ni za wote, na kila zikifunuliwa mnaweka dau. Kikomo hakuna, ukitaka unasukuma vyote ulivyonavyo kwa mkupuo. Hayo niliyaelewa siku ileile. Kilichonisumbua mwaka mzima ni mkwara, yaani kusukuma dau kubwa na mkononi huna kitu, ili mwenzako aogope atupe karata zake. Dereva alimaliza kazi akaenda zake, mchezo akatuachia. Tulihesabia maharage, na harage moja lilikuwa debe la mpunga.

Wachezaji wa kudumu tulikuwa watatu: mimi, mchuuzi mmoja wa samaki, na Msukuma mmoja mfugaji aliyekuwa akija kukoboa mpunga wa nyumbani kwake. Huyu aliniita mayu, mama kwa kwao, ingawa tulikuwa rika moja. Alikuwa mpole mpaka anaudhi.

Watu wanadhani mkwara ni kukaza uso. Uongo mtupu. Uso wangu mimi nikikasirika hata mbuzi wa jirani anajua. Nilichokuwa nakitazama ni majira. Yule mchuuzi, mto ukishuka na samaki wakapatikana, hatishiki, anafuata kila dau huku anacheka. Mto ukijaa, nyavu zimeanikwa ukutani, hapo ukikohoa tu anatupa karata. Mfugaji yeye alitishika mwaka mzima. Mtu mwenye ng'ombe kila saa anawaza mbele: nyasi za wiki ijayo, maji ya kiangazi, ndama atakayezaliwa. Fimbo yake ailaze magotini, dau likiwa zito aipapase, kisha atupe karata. Sikuwahi kumpiga mkwara akanifuata. Nilimpenda kwa hilo, na nilimla kwa hilo.

Sasa mwaka huo mto ulipanda mapema. Shamba langu liko Idete, na mpunga wangu ulikuwa umefika magotini maji yalipokuja kulala juu yake wiki baada ya wiki. Yalipoondoka yaliacha tope na harufu. Nilibaki na gunia moja la mbegu, lile nililolichagua mwenyewe msimu uliopita, nikalianika mwenyewe, nikalificha nyuma ya mashine. Muda wa kupanda tena ulikuwepo, mdogo, ila shamba lilitaka trekta upya. Mwenye trekta alikuwa tayari kupokea mpunga badala ya pesa, sasa mpunga ningeutoa wapi? Mbegu nikimpa, nitapanda nini? Nisipompa, nitapanda wapi? Nililigeuza swali hilo usiku na mchana mpaka nikalichukia.

Asubuhi moja umeme ukakatika kama kawaida yake. Tukakaa. Yule mfugaji akaja kachelewa, na nikaona jambo moja kabla hata hajaketi: hakuwa na fimbo. Mchuuzi akamtania, "Leo umekuja kama karani wa kata, fimbo umeozesha?" Akatabasamu kidogo, akaketi. Nami nikajisemea, huyu leo kachoka, huyu leo hata kupapasa hana cha kupapasa. Leo ndiyo siku yake. Ndivyo nilivyosoma, mimi mwenye akili zangu.

Akashinda michezo miwili mitatu ya mwanzo bila hata kuonekana anacheza. Mchuuzi akaishiwa, akabaki mtazamaji. Tukawa wawili.

Mkononi nilikuwa na saba na nane. Katikati wakafunuliwa mfalme wa kopa, tisa ya kopa na mbili ya shupaza, halafu akaja jeki. Nikawa naomba kumi tu, nikiipata kumi karata zangu zinafuatana kuanzia saba mpaka jeki. Haikuja. Karata ya mwisho ilikuwa nne ya kopa. Mkononi sina kitu, lakini kopa tatu zilikuwa zimelala pale mezani, na mwenye kopa mbili za kuficha alikuwa nazo tano, ameshamaliza kazi. Maharage yaliyokuwa katikati yalitosha trekta. Nikamtazama mikono. Ilikuwa imelala tu magotini, mitupu.

Nikasukuma maharage yangu yote. Nikasema kwa sauti, mchuuzi asikie, "Na haya ni gunia la mbegu. Mnanijua mimi siwezi kuchezea mbegu kama sina kopa." Ulikuwa mkwara mzuri kuliko yote niliyowahi kupiga. Hata leo nikiukumbuka sioni kasoro yake.

Mchuuzi akashika kichwa. Mfugaji hata karata zake hakuziangalia tena. Akasukuma maharage yake taratibu, kama mtu anayesogeza sahani akishashiba.

"Nimefuata, mayu."

Akafunua karata zake mbili, moja kumi, ya pili tano. Kumi niliyokuwa naiomba alikuwa ameikalia yeye, na zaidi ya hiyo kumi hakuwa na kitu, si kopa, si jozi. Alikuwa mtupu kama mimi, amenipita kwa karata moja ya takataka, kumi yake juu ya nane yangu.

"Ulijuaje kama sina?" nikamuuliza. Hasira zilikuwa zimenifika hapa.

"Sikujua," akasema. "Nilidhani unazo."

Hapo ndipo nilipopaswa kuelewa, sikuelewa. Nilimpa gunia lake akalifunga kwenye baiskeli, nikaenda nyumbani nikalia mpaka watoto wakaogopa.

Asubuhi ya pili umeme ulikuwepo. Akaja na baiskeli ileile, gunia lilelile, akalishusha mbele ya mashine, akanisalimu kwa kwao.

"Mwangaluka, mayu. Nakoboa."

Nikamwambia hii ni mbegu, ukiikoboa ndiyo basi. Akasema anajua. Ndipo akanieleza, bila kulalamika, kwamba ng'ombe wamekwisha. Ugonjwa uliwapitia kundi zima, wakabaki wawili, na hao wawili aliwauza juzi apate nauli ya kurudisha familia kwao kanda ya ziwa. Fimbo ya nini tena? Na mbegu, angeipanda wapi? Watoto watakula njiani, na wakifika watakula mpaka watakapojua la kufanya.

Mwaka mzima nilikuwa nikimtisha kwa kesho yake. Alipokuja hana kesho, mimi nikaiweka ya kwangu mbele yake. Ningekuwa na mchele wa kubadilishana naye ningembadilishia palepale, lakini ningekuwa na mchele nisingecheza. Wateja walikuwa wamepanga foleni nyuma yake, wananiangalia.

Nikawasha mashine. Mchele ulitoka mweupe, mrefu, haukukatika hata kidogo, maana ile mbegu ilianikwa vizuri. Mama mmoja kwenye foleni aliuchota kiganjani akausifu, akauliza umelimwa wapi. Nikamwambia Idete. Mfugaji akafunga gunia lake, akanilipa ujira wa kukoboa, nami nikaupokea.