Gari Alilolituma Badala Yake

Mume wangu Paulin Syauswa hajui kukaa. Hata kanisani, padri akisema tuketi, yeye hubaki ameegemea nguzo akichezea funguo mfukoni. Gereji yake ni uwanja wetu wenyewe hapa Vulamba, mjini Butembo, na nyumba yangu haina kiti kisicho na bolti juu yake. Nayasema haya kwa upendo, lakini hasira nayo ipo, maana wiki ile ya mahari ya Précieuse alinichosha mpaka nikatamani kumfunga kamba.

Précieuse ni binti wa Gustave, kaka yake Paulin. Gustave aliuawa kwenye barabara ya Beni. Gurudumu lilipasuka, akashuka kulibadilisha, na watu wenye bunduki wakatoka porini. Tangu siku hiyo Paulin hakukanyaga tena barabara ile. Binti alikulia Beni kwa mama yake, na sasa familia ya mchumba ilikuwa inaleta mbuzi. Kwetu mbuzi wa mahari hupokelewa na baba, na baba akiwa hayupo, ndugu yake ndiye baba. Paulin alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na bado akasema hataenda.

"Yaya Katungu ataenda na mama," aliniambia. "Ile itatosha."

"Katungu ni shangazi. Atapokea mbuzi sawa nani? Mutoto iko na baba, ao hana?"

Aliingia chini ya gari.

Gari lilikuwa la huyo huyo Katungu, dada yake mkubwa, ndiyo maana humwita yaya: dogo, jeusi, usukani kulia, la otomatike. Watu walimwambia otomatike si ya milima yetu; yeye akanunua, kwa kuwa goti lake la kushoto halitaki tena klachi. Shida haikuwa gari. Shida ni kwamba Katungu, kama madereva wengi wa huku, akifika kwenye mteremko huzima moteur, yaani injini, ili gari liteleze bure na essence ya tangi ibaki. Katika gari la gia za mkono utasamehewa. Bwati ya otomatike, yaani lile sanduku la gia, hunyweshwa mafuta na pampu inayozungushwa na moteur. Ukizima moteur huku magurudumu yanakimbia, bwati inazunguka na kiu yake na kuungua polepole. Paulin alimwambia hivyo mpaka akachoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa mkuu ni Katungu mwenyewe, sasa nani amvunje guu?

Mafuta ya bwati hiyo huwa mekundu. Yaliyotoka chini ya gari siku ile yalikuwa meusi, yananuka kama maharage yaliyoshika sufuria. Paulin aliyasugua kati ya vidole, akayanusa, akayasugua tena. Akafungua sinia la chini na kuliosha, akabadilisha filtri, akamimina mafuta mapya mekundu. Alishika kila bolti kama vile itamkimbia.

"Hii gari haitasimama mu njia," alikuwa akisema peke yake. "Haitasimama."

Ndipo nikaelewa. Alikuwa analituma gari liende Beni badala yake. Nilimhurumia, na papo hapo nilitaka kumrushia ufagio.

Asubuhi ya safari ilibaki kupima tu. Mafuta ya bwati ya otomatike hupimwa moteur ikinguruma na ikiwa imeshika moto. Ukizima, mafuta yote hushuka chini na kijiti cha kupimia kinakuambia pamejaa, kumbe uongo mtupu. Paulin aliwasha, akapitisha lever ya gia kila nafasi, akawa anangojea moto upande. Hapo akatokea mama mkwe wangu, Mama Agar, na kitenge chake kipya.

Kwa Mama Agar, gari haliendi Beni bila maombi, na maombi hayafanywi juu ya kelele. Tena, baada ya Amina hakuna kusimama wala kugeuka. Anayerudi nyuma baada ya Amina, husema, amemwambia Mungu angoje kidogo.

"Zima moteur, tuombe."

"Mama, lakini mafuta hayajapimwa."

"Utapima kisha. Zima!"

Akazima, nao wakaketi garini, Katungu kwenye usukani. Mama Agar akianza kuomba huwapitia watakatifu wote na wajukuu wote. Paulin alifumba jicho moja, na kwa mkono mmoja akachomoa kijiti taratibu. Kilionyesha pamejaa. Hakukiamini, lakini angefanya nini? Akakirudisha, akashusha boneti, akanyata kwenda kuchukua bidon ya mafuta yaliyobaki ili awe tayari. Alikuwa bado ameinama stoo aliposikia "Amina!" na moteur ikawaka.

"Yaya! Ngojea!"

Katungu alipiga honi kwa furaha. Mama Agar alipunga mkono bila kugeuza kichwa, na gari likapotea kwenye kona na vumbi lake.

Basi mateso yangu yakaanza. Paulin alienda mpaka barabarani, akarudi. Akapiga simu ya Katungu: haipatikani. Akafungua kasha la funguo, akalifunga. Akaenda tena barabarani.

"Inaweza kosa litre moja, ata mbili," alisema. "Ku plat, pa tambarare, itatembea. Ku mupando sasa..."

Hakumaliza, na mimi sikutaka amalize. Mpando mkubwa uko mbele ya Maboya, na kila mtu anajua kwamba huko gari likisimama, watu hawateremki kupiga picha.

"Paulin, unazunguka sawa kuku yenye inatafuta kutaga. Ao uende, ao uikale."

Alisimama katikati ya uwanja, bidon mkononi.

"Minaogopa, Mariette."

Katika ndoa yetu hajawahi kunitamkia neno hilo. Hasira yote ilinitoka, nikabaki na hofu yake. Nilienda mwenyewe kumwita motard wa pikipiki, Paulin akapanda, nami nikapanda nyuma yake kabla hajanikataza.

Kwenye kizuizi askari alitusimamisha, akainyooshea bidon kidole. "Vieux, ile nini?" Paulin akafungua. Askari akanusa, akakunja uso, akanusa tena kana kwamba anatafuta pombe. Mwishowe jamaa akapunga mkono: "Leka, leka noki," piteni upesi.

Tuliwakuta baada ya Maboya, katikati ya mpando. Gari limekaa pembeni, boneti juu, majani marefu pande zote mbili. Mama Agar yumo ndani na rozari. Katungu amesimama nje, uso umemkauka. Paulin aliruka kabla pikipiki haijasimama.

"Moteur inalia, gari haiende," Katungu alisema kwa sauti ndogo.

"Washa."

"Itaungua, Paulin."

"Washa, yaya."

Akachomoa kijiti: kikavu. Akaanza kumimina kwa haraka hata mafuta yakamwagika kwenye mikono ya salopette, vazi lake la kazi, mpaka viwikoni. Motard hakuzima pikipiki yake. "Fundi, hapa hapana mahali ya kuikala," alisema, na macho yake yalikuwa porini. Mimi pia nilitazama porini. Kila jani lililotikisika lilikuwa mtu. Na mume wangu, yule asiyeweza kungoja chai ipoe, alichuchumaa pale, akimwambia dada yake apitishe lever polepole, tena, tena, huku akingojea mafuta yashuke. Akapima. Akaongeza kidogo. Akapima. Nilitaka kupiga kelele.

"Tia D," alisema hatimaye.

Gari likashika na kupanda.

Likasimama mita chache juu, na Katungu akafungua mlango wa nyuma. Paulin aliangalia barabara ya kurudi Butembo, akamwangalia motard. Nikajua anachopima sasa si mafuta.

"Nipande sababu ya kupima tena mbele," alinieleza, kama mtu anayeomba ruhusa. "Inafaa kupima tena."

"Ile bwati imepona, Paulin. Panda sababu ya mutoto."

Akapanda, nami nikajibana pembeni yake. Tukafika mahali alipofia Gustave. Kuna mteremko hapo, na mkono wa Katungu ulienda kwenye ufunguo kwa mazoea. Paulin aliinama mbele akaushika mkono ule, akaushikilia mpaka chini.

Beni tulichelewa. Uwanja ulikuwa umejaa, wageni wamekaa upande wao, na msemaji wao alikuwa amesimama anauliza, kwa adabu ya kuuma, kama binti huyu ana baba au ameota kama uyoga. Paulin aliingia kwenye lango na salopette yake. Kelele zikakatika. Précieuse aliinua kichwa, akaona mikono ile imelowa nyekundu mpaka viwikoni, na akajua wametoka barabara gani. Alipiga ukelele ambao bado nausikia, akamkimbilia na nguo zake zote za heshima.

"Ni mafuta!" Paulin alipaza sauti. "Mafuta tu ya gari, mutoto wangu! Nusa!"

Précieuse aliushika mkono wa salopette kwa mikono miwili, akaupeleka puani, akanusa. Akaanza kulia upya, kwa namna nyingine.

"Baba mudogo, umepita pale?"

"Nimepita," Paulin alisema. Akamfuta machozi, akamchafua shavu, akawageukia wageni. "Haya. Mbuzi yangu iko wapi?"